Kitabu cha Daraja Letu

3 Februari

Kaka yangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari utasahau kunijibu kama u mzima. Kifua je? Bado unakohoa vumbi la saruji? Mimi sijambo, ila miguu inavimba kwa kusimama darasani kutwa, na tangu Mama atutoke hakuna wa kunikanda.

Kitabu chako nilikabidhiwa Jumatatu na dereva wa lori la saruji, siku ileile vijana walipomkamata muuza viatu wa ng'ambo ya mto mbele ya geti letu wakampiga kwa nondo mpaka akaacha kujikinga. Watoto wangu ishirini na watatu walikuwa wamejazana dirishani. Nilifunga madirisha, nikawaketisha mkekani, nikaanza kusoma kwa sauti ya kushinda kelele za nje. Sijui nilisoma nini kurasa mbili za kwanza. Ya tatu nikasikia wananijibu.

Umefanya jambo la maana, na unajua mimi sikusifu ovyo. Kila ukurasa swali moja tu, "Nani anabeba?" Paa limebebwa na boriti, boriti na ukuta, ukuta na msingi, msingi na ardhi. Watoto wa miaka mitano wanalielewa kuliko wale wakaguzi wa elimu wanaokuja kutumalizia chai. Kabla sijafunua ukurasa wa jibu nawapa vijiti na udongo wajenge wenyewe, na cha mtu kikianguka hatumcheki, tunamwuliza kilianza kuanguka wapi.

Nina lawama mbili. Watu uliowachora wamekakamaa kama misumari. Na lile daraja la mwisho ni la wapi? Watoto wameniuliza. Nataka letu. Wanalivuka na wazazi wao, wengine wanatoka ng'ambo kuja kwangu kila asubuhi. Lichore hilo, wewe uliyelipaka rangi ulipokuwa mwanagenzi ukarudi nyumbani kijani mpaka masikioni. Na usiniambie huna muda.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Kifua hakijambo, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Nunua viatu vya soli nene uache ubishi. Hapa kambini kwenye ujenzi simu haishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, kwa hiyo barua mpe dereva kila apitapo.

Kuhusu daraja letu, siku tatu nimekaa na penseli shingo upande. Lile si daraja la kuchorea watoto. Kipande cha katikati hakijalala juu ya nguzo. Kinaning'inia kama bembea kwa vyuma vinne, viwili kila upande, vilivyofichwa nyuma ya mabati chini ya njia ya waenda kwa miguu. Waliolijenga waliona wanaokoa vifaa. Kimoja kikikatika, kipande kizima kinakwenda majini. Siku hizi hakuna anayejenga hivyo, na ndiyo maana tulikuwa tukivikagua kila mwezi kwa tochi.

Nilifikiria kuongeza nguzo pale katikati, mambo yawe mepesi. Nikaichora, nikaifuta. Mtoto atakwenda kuitafuta asiione, na kuanzia siku hiyo hatakiamini kitabu. Halafu unanijua, siwezi kuchora uongo hata wa kupendezesha. Basi nimekuchorea kama lilivyo, kwa vipimo. Bati moja nimelikata kwa karatasi ngumu, mtoto analifunua anaona chuma kinachobeba. Watu nimewanenepesha.

Habari ya muuza viatu imenitia simanzi. Alipona? Mchomeleaji wetu ni mtu wa ng'ambo, ila mkewe na wanawe pacha wamepanga upande wenu, karibu na soko. Nafikiri hao pacha wako kwako. Tunakaa naye hema moja mwaka wa tano huu. Hajaniuliza lolote, lakini siku hizi anakula peke yake.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Hakupona. Nilitaka kuanza kwa kukuulizia kifua, lakini umeuliza nami nakujibu. Mimi nina afya, viatu nimenunua, furahi.

Kitabu kipya tulikwenda kukisoma juu ya daraja lenyewe, wawili wawili wameshikana mikono. Darasani tumelijenga kwa miili: wakubwa ni nguzo, wanne wanashika pembe za shuka, na katikati analala Bi Mbona. Mmoja akiachia pembe, Bi Mbona puu mkekani, wengine wanavunjika mbavu kwa kucheka. Ni mtoto wa mchinja nyama, miaka sita, jina tulimpa kwa sababu hapitishi neno bila kuuliza mbona. Mbona vyuma vinne tu? Mbona hawakuweka kumi? Nikamwambia walikuwa wabahili. Akasema basi yeye atakuwa fundi asiye bahili. Kaka, nikipata watano kama huyu nitakufa nimeridhika.

Pacha wa Mchomeleaji ninao, ndio. Mmoja anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Desturi yangu ya Ijumaa ni ileile. Kitabu kinaondoka na mtoto mmoja kwa zamu, anawasomea wazazi picha, Jumatatu kinarudi. Kuna baba mmoja, dereva wa mkokoteni, alikuja kuniambia mwanawe amemfundisha kupanga mizigo.

Sasa mengine. Watoto wanaotoka ng'ambo wamebaki wanne. Wiki iliyopita kijana wa huku aliokotwa mtoni, na hapohapo wakachoma maduka yote ya watu wa ng'ambo, moja likiwa na mwenyewe ndani. Nilimsikia. Alhamisi nilimkuta mlinzi wetu wa geti, yule mzee aliyekuwa akiwafunga watoto kamba za viatu, amekaa ameegemea geti, shingo imekatwa kwa panga, kofia bado iko kichwani. Kosa lake ni kuzaliwa ng'ambo miaka sitini iliyopita. Niliosha geti kwa sabuni kabla watoto hawajafika. Anayewaongoza vijana wa huku ni huyohuyo baba wa Bi Mbona, wanamwita Kamanda. Ananisalimia kwa adabu zote, panga liko kiunoni. Damu inanichemka, lakini namwitikia, kwa sababu mwanawe yuko mikononi mwangu.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Leo salamu ni fupi na ombi ni moja. Ondoka. Dereva anasema kuna vizuizi vitatu kutoka barabara kuu mpaka sokoni, na kwenye kila kizuizi wanasikiliza lafudhi yako kabla hawajaamua. Mchomeleaji ameondoka kambini bila kuaga, anakwenda kuwatoa mkewe na watoto. Panda lori na barua hii ikiwa bado mkononi mwako. Shule utafungua kwingine.

Nimesubiri dereva apite mara mbili, hana barua yako. Nijibu.

Kaka yako

21 Aprili

Kaka,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua umesikia redioni.

Kamanda na watu wake waliamua kuvunja daraja ili vijana wa ng'ambo wasivuke kulipiza kisasi. Siku tatu walizigonga nguzo kwa nyundo kubwa, na nguzo hazikuumia hata kidogo. Ijumaa hiyo kitabu kilikuwa zamu ya Bi Mbona.

Jumatatu kitabu hakikurudi. Nilipomwuliza alinijibu kwa furaha kwamba amewasomea watu wengi kuliko mtoto yeyote, sebule nzima, wanaume watu wazima. Akawauliza nani anabeba. Wote wakasema nguzo. Akawacheka. "Nikawaambia, nyie mnapiga pasipobeba kitu," ndivyo alivyoniambia, kaka, kwa sauti yangu mimi. Akafunua bati. Baba yake akamwinua juu, akasema huyu ndiye mtoto wangu, na kitabu akabaki nacho.  Nikajiambia labda hawataelewa. Sikumwambia mtu yeyote, na hilo nitakufa nalo.

Jumatano asubuhi wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba watu wote wa ng'ambo wanaoishi huku wawe wamehama kabla ya adhuhuri. Mchomeleaji hakuwa ameweza kupita vizuizi. Nikawasindikiza mimi mkewe na pacha, sanduku kichwani, mtoto mkono huu na mtoto mkono huu. Daraja lilikuwa limefurika magodoro, mikokoteni, wazee wamebebwa mgongoni. Nikawaachia mikono pale linapoanzia. Yule anayeongea akaniambia tutaonana kesho, mwalimu.

Chini yake vijana walikuwa wameshapanda na mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Wengine wanasema Kamanda aliagiza wasubiri watu waishe, wengine wanasema aliagiza wasisubiri. Kulikuwa na mlio mmoja, mkubwa, halafu kipande cha katikati kikainama upande mmoja taratibu, kabisa kama ulivyonieleza. Watu walianza kuteleza wote pamoja. Walishikana. Mikokoteni iliwashukia juu. Halafu chuma cha pili kikakatika chenyewe na kila kitu kikaenda chini.

Waliojua kuogelea waliogelea kuja upande wetu, kwa kuwa ndio ulikuwa karibu. Wakapokelewa kwa mawe. Niliona mwanamke niliyemzoea, anaishi mtaa wa pili na mimi, anachagua mawe kama anachagua viazi. Nilimrukia, nikamng'ata mkono. Maiti zilizookotwa ni arobaini na moja. Mke wa Mchomeleaji na pacha ni kati yao.

Bi Mbona amenyamaza. Tangu Jumatano hajasema neno.

Dada yako

5 Mei

Dada yangu,

Unaendeleaje? Unakula? Mimi nimekonda na sijali.

Nimesoma barua yako mara nyingi hadi imechanika kwenye mikunjo. Kwanza nilikukasirikia. Niseme ukweli, nilikukasirikia sana. Nilikuwa nimekuchorea daraja la kubuni, zuri, lisilo na madhara kwa mtu, nawe ukalikataa. Nilitaka kukuandikia matusi. Halafu nikakumbuka nguzo niliyoichora nikaifuta. Ningeiacha ile nguzo mahali pake, wangeendelea kugonga nguzo mpaka wachoke. Mimi ndiye niliyewaonyesha mahali pa kukata. Wewe uliomba picha tu.

Mchomeleaji alirudi kambini jana. Amekata nywele zote. Alichukua nyundo akavunja kila kitu kilichokuwa upande wangu wa hema, kitanda, sanduku, redio, halafu akakaa juu ya mabaki akalia mpaka akatapika. Sikumzuia. Kwake mimi ni mtu wa upande wenu tu, hajui kitabu kilichorwa na nani.

Njoo huku. Nakuomba kama kaka na kama niko magotini.

Kaka yako

16 Mei

Kaka,

Nakutakia nafuu. Mwandiko usikushangaze, naandika kwa mkono wa kushoto, na nitakueleza.

Watu wa ng'ambo walivuka kwa mitumbwi tarehe tisa. Wanajeshi walikuwa barabarani, wakageuza magari yao yakaangalia upande mwingine. Kamanda walimkuta buchani kwake, wakamtundika kwenye kulabu yake mwenyewe akiwa hai. Walichoma nyumba kumi na nane. Nyumbani kwake wakaona kitabu, kina muhuri wa shule na maandishi yangu kwenye jalada. Wakatukusanya uwanjani, wazazi na watoto, wakauliza ni nani aliyemfundisha mchinja nyama kazi ya daraja, maana mchinja nyama hasomi.

Bi Mbona alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake. Niliona midomo yake inafunguka. Siku zote zile hakusema neno, na sasa alikuwa anataka kujibu, kwa sababu swali lilikuwa ni lake. Nikapaza sauti. "Ni mimi. Nilimpelekea kitabu mwenyewe nikamweleza."

Wakaulaza mkono wangu wa kulia juu ya dawati, wakaupiga kwa nondo. Vidole vitatu daktari amesema havitarudi. Wakaniambia haya ni ya muda tu, waliofiwa ndio watakaoamua lililobaki.

Sikimbii. Nikikimbia wataanza kuuliza upya, na safari hii mtoto atawajibu. Mama yake amepata ndugu wa kuwapokea, mbali na huu mto. Dereva wa saruji amekubali kuwatoa tarehe kumi Juni, katikati ya magunia. Ninachohitaji ni hizo siku ishirini na tano tu, wanichukie mimi. Darasa nimelifungua, wanakuja tisa, naye anakuja, nataka awe mbele ya macho yangu.

Wale wa sebuleni wameuawa au wamekimbia, tunaolijua hili sasa ni mimi, mama yake, yeye na wewe. Kaka, nakujua ulivyo na huo ukweli wako. Funga mdomo. Sikuombi, nakuamuru, ingawa wewe ni mkubwa.

Dada yako

30 Mei

Dada yangu,

Mkono unauma? Nimempa dereva dawa za maumivu na bandeji safi. Soma hii ukiwa umekaa.

Juzi Mchomeleaji alikuja hemani, akaketi mbele yangu, akaniambia waliofiwa wamekwisha kukaa kikao. Wiki ijayo wanavuka kumchukua mwalimu. Hakujua ni dada yangu, sikuwahi kumtajia kazi yako. Alikuwa ananieleza kama mwenzake. Alinieleza na namna watakavyofanya, hatua kwa hatua, na siwezi kuiandika.

Ningefanya nini? Niambie. Nilimwambia wewe ni dada yangu, na kwamba picha ni yangu, anichukue mimi. Akasema picha haina mdomo, anamtaka aliyeeleza. Nilimwapia kwamba si wewe. Akasema umekiri mbele ya watu mia, basi nani mwingine? Nikamweleza yote, dada. Kwamba ni mtoto wa miaka sita, aliyesoma kitabu kwa baba yake kama wanavyosoma watoto wote, hajui kitu, alidhani anafundisha. Nilisema mpaka jina la utani, ili aone kwamba ni mtoto kabisa. Anao wake, alikuwa nao, anajua mtoto wa miaka hiyo ni nini. Niliona hakuna binadamu anayeweza kusikia hilo asiliweke panga chini.

 Akaomba maji, akanywa. Akasema, "Basi." Akanishika bega, akaondoka. Nafikiri limekwisha. Nilimwona usoni, dada, kama mtu aliyetua mzigo.

Najua utanitukana. Nitukane ukiwa hai.

Kaka yako

12 Juni

Kaka,

Natumaini u mzima. Dawa zimefika, bandeji pia, ahsante. Barua yako ilifika tarehe saba. Wao walikuwa wameshakuja tarehe nne.

Walikuwa watatu, saa nne asubuhi, tunahesabu vijiti. Mchomeleaji nilimjua kwa kufanana na wanawe. Niliinuka nikawaambia watoto watoke, mimi niko tayari, twendeni nje. Hakuniangalia. Aliwauliza watoto kwa sauti ya upole, mwenye jina la Bi Mbona ni nani. Nikasema hayupo, amehama. Naye akanyoosha mkono. Nimewafundisha mwenyewe, ukiitwa nyoosha mkono, usipige kelele.

Akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kama ni yeye aliyewaonyesha wale watu kile chuma. Akasema, "Ndiyo." Ni neno la kwanza tangu daraja lianguke. Nilipiga kelele kwamba ni mimi, ni mimi, anaongopa, ni mtoto. Mchomeleaji akaniambia, "Mwalimu, kaka yako ameniambia." Nilimshika mtoto kwa mkono uliobaki. Walinipiga kwa kitako cha bunduki, mara mbili hapa kwenye taya na mara moja tumboni, sikuachia, ya nne sikuisikia. Watoto wanasema alitoka akiwa ameshikwa mkono, na alikuwa anamwuliza yule mtu mbona analia.

Tulimpata kesho yake chini ya daraja, kwenye mawe. Mimi ndiye niliyemwosha, kwa sababu mama yake hakuweza kusimama. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Dereva alikuja tarehe kumi kama alivyoahidi. Mama yake alipanda peke yake. Kabla hajapanda alinishika nguo, akaniuliza ni nani aliyewaambia. Alisema ana kaka watatu, na hata ichukue miaka mingapi watamtafuta.

Nimemwambia ni mimi.

Dada yako